Kuhesabu ndege Mida, Jumamosi

Hamjambo wote. Jumamosi tunahesabu ndege wa pwani hapa kwenye hori la Mida, karibu na Watamu. Tukutane penye daraja la mikoko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kamili! Maji yakijaa ndege hubanana kwenye fungu la mchanga, ndipo wanahesabika. Yakianza kupwa wametawanyika matopeni.

Tafadhali msiwakurupushe kwa ajili ya picha. Wengine wametoka Siberia, na wale weupe wenye mgongo mweusi, wanaokula kaa, huzaliana huko Ghuba, hata Omani. Lazima wanenepe kabla ya kurudi.

Mwenye darubini ya ziada aje nayo. Asiyeweza kuja amtumie mweka hazina chochote kwa M-Pesa: kwanza nauli za vijana, kitakachobaki ni karo za wanafunzi kupitia shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Mama Rehema, chai tunakutegemea wewe.