Kwa nini niliinuka kabla wimbo haujaisha

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku ulikuwa bado unacheka nilipoinuka nikaenda kulala bila neno. Asubuhi ukaniuliza kama filamu ilinichosha. Haikunichosha. Nilikosa namna ya kukujibu kwa mdomo, basi nakuandikia.

Mara ya kwanza kuitazama Dr. Strangelove nilikuwa na umri kama wako, na nilicheka palepale ulipocheka wewe: Rais wa Marekani akimbembeleza kwa simu kiongozi wa Kisovieti aliyelewa, Peter Sellers akiigiza watu watatu katika filamu moja. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, aliitoa kwenye riwaya ya Peter George isiyo na mzaha hata kidogo, akaigeuza kichekesho. Ilipotoka Januari 1964, haikuwa imepita hata miaka miwili tangu Oktoba 1962, mataifa hayo mawili yalipokaribia kupigana kwa nyuklia kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Cuba. Waliocheka ukumbini walikuwa watu walionusurika.

Safari hii macho yangu yaliganda kwenye ndege, moja ya zile ambazo jenerali mwendawazimu wa Marekani amezituma kwa amri yake mwenyewe kuwapiga Wasovieti kwa nyuklia. Wale vijana ndani ya ndege hiyo ya mabomu, B-52, hawana ubaya wowote. Redio imeungua, mafuta yanavuja, milango ya kuangushia bomu imegoma, na kila mmoja ameshika kazi yake, anabonyeza swichi moja baada ya nyingine na kumwitikia mwenzake kwa utulivu. Rubani anashuka mwenyewe kuunganisha nyaya, kakaa juu ya bomu, cheche zinamrukia. Nikajikuta namwombea afanikiwe. Mimi, ninayejua kwamba akifanikiwa, mtambo wa Wasovieti wa kulipiza utajilipua wenyewe na dunia imekwisha! Hapo kicheko kilinikauka. Bidii, ushirikiano, kutoacha kazi njiani: yote niliyokulea nayo wanayo. Hata kuuliza waliuliza. Amri ilipoingia, rubani alitaka ihakikishwe, ikahakikishwa. Tangu juzi natafuta ni kipi kingine ningewafundisha wangekuwa wanangu, na sijakipata.

Halafu kile kibanda cha simu kambini kwa jenerali yule. Ofisa wa Uingereza anazo herufi za siri za kuzirudisha ndege, ila sarafu za kumpigia Rais hazimtoshi. Anamsihi kanali aipige risasi mashine ya Coca-Cola zimwagike za ndani, na kanali anasitasita: ile ni mali ya kampuni. Muda mfupi kabla ya hapo, katika kambi hiyohiyo, Wamarekani waliotumwa kumkamata jenerali na wale waliomlinda walikuwa wakiuana wao kwa wao chini ya bango lisemalo amani ndiyo kazi yetu. Bango hilo Kubrick hakulibuni. Ilikuwa kaulimbiu halisi ya kamandi ya ndege za mabomu ya nyuklia za Marekani.

Ule wimbo wa mwisho, wa Vera Lynn, uliwafariji askari na waliobaki nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Unaahidi kwamba tutaonana tena, ingawa haujui wapi wala lini. Sauti yake inaendelea kwa upole, na kwenye skrini linapanda wingu la bomu, kisha jingine, kisha jingine. Wewe ulicheka, na sikulaumu, pamewekwa pachekeshe. Mimi nilikuwa bado nawafikiria wale vijana wa kwenye ndege, nawe umekaa ubavuni pangu, una umri wao. Sikuweza kuusikiliza hadi mwisho.

Mzazi wako akupendaye