Mzazi, huenda mwanao hakuususia msiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, akilalamika kwamba kijana wake aliyeko katika jeshi la Marekani hakuja kumzika babu yake. Alituma dola 200 na neno la pole, basi. Mzazi kaandika kwa uchungu kwamba mtoto amekuwa Mzungu.

Kijana huyo simjui. Ila nimelitumikia jeshi hilo miaka 12, kwenye ghala la vifaa, na najua kinachoweza kumfunga miguu mtoto wa watu akiwa kule.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Nililelewa na bibi, mzaa mama, tangu nina miaka minne. Green card, yaani kibali cha kuishi Marekani, niliipata kwa bahati nasibu, nikajiunga na jeshi, nikapangiwa Killeen, Texas. Machi 2006, siku ya Jumatatu, kaka yangu akanipigia: bibi amezidiwa, na anakutaja wewe. Benki nilikuwa na dola 600, maana nyingine zote nilishazituma nyumbani kununulia mabati. Tikiti ya kufika Dar es Salaam ilikuwa dola 1,700.

Sikumwambia mtu. Sajini wangu nilimwomba likizo bila kusema sababu, na la pesa nikanyamaza. Nimekulia nyumba ambayo mtu akikopa unga, anakwenda kuuchukua usiku ili majirani wasione. Na kambini nilishasikia kwamba askari mwenye madeni huweza kunyimwa kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika mambo ya siri, kazi ikaharibika. Nikahangaika Jumanne nzima. Jumatano jioni nikavua sare, nikatoka geti kwa miguu hadi barabara yenye maduka ya mikopo yaliyopangana, mabango yanawaka taa. Dada wa dirishani hakuniuliza hata nina shida gani. Alitaka kitambulisho, hati ya mshahara, na hundi niliyoandika tarehe ya siku ya mshahara. Nikapewa 500, hundi nikaandika 575. Nikavuka barabara, nikafanya vilevile duka la pili. Mia iliyobaki alinipa msichana niliyekaa naye chumba kimoja.

Niliruka Alhamisi. Muheza nikafika Jumamosi asubuhi. Bibi alikuwa amefariki Ijumaa alfajiri, wakamzika baada ya swala ya Ijumaa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na kanga yake ya kuswalia imekunjwa juu ya kitanda. Mama aliniambia kwamba tangu Jumatatu bibi alikuwa anauliza, "Ndege yake imeshatua?" Ningeondoka Jumanne ningemkuta.

Niliporudi Texas, madeni yakaanza kunila. Kila wiki mbili nilikuwa natoa dola 150, za maduka yote mawili, ili tu hundi zangu zisipelekwe benki. Nilifanya hivyo mara nane. Piga hesabu: nimelipa 1,200 na deni bado ni 1,000 ileile. Kwa mwaka, riba ya namna hiyo inafika asilimia 390. Mara ya tisa nikashindwa, hundi moja ikapelekwa benki ikarudi kwa kukosa pesa, na habari ikafika kwa kamanda wa kombania.

Nilidhani sajini atanifokea. Alinitazama, akauliza, "Kwa nini hukuniambia ni bibi yako?" Akanichukua kwa miguu hadi ofisi ambayo nilikuwa naipita kila siku nikienda kula, mwendo wa dakika kumi kutoka bwenini. Mlangoni pameandikwa Army Emergency Relief, yaani mfuko wa jeshi wa kusaidia askari wenye dharura.

Mfuko huo upo tangu 1942. Wanamaji wana wao tangu 1904, askari wa anga nao wana wao. Sehemu ya pesa zake hutoka kwa askari wenyewe, wanaochangishwa kila mwaka na kutoa kwa hiari. Askari akipatwa na dharura, iwe msiba, tikiti ya kwenda kwa mzazi mahututi, kodi ya nyumba, chakula au gari limekufa na ndilo la kazini, anakopeshwa bila riba hata senti moja. Anarudisha kidogokidogo, inakatwa kwenye mshahara. Ikionekana kurudisha kutamuumiza, huweza kupewa kama msaada usiorudishwa. Sisi watu wa pwani jambo hili tunalifahamu, ndiyo karadha ile ile, mkopo usio na riba, tuliyofundishwa madrasa. Mimi Muislamu nilikwenda kulipa riba barabarani, na karadha ilikuwa inanisubiri karibu na jiko la kambi. Hilo mpaka leo linaniumiza.

Nafahamu kwamba mambo yamebadilika. Mwaka ule ule wa 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na tangu Oktoba 2007 mkopo kama ule hauruhusiwi kumtoza askari aliye kazini zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka. Imesaidia sana. Lakini asilimia 36 bado ni riba, na siku hizi kijana hahitaji hata kutoka getini, mikopo inamfuata kwenye simu akiwa kitandani. Kinachomzuia kwenda ofisini ni kile kile kilichonizuia mimi: aibu. Na aibu hiyo, wazazi wangu mniwie radhi, sehemu yake tunaishona sisi nyumbani. Mtoto akishavuka bahari tunamwona ana hela. Akisema hana, tunasema ni mchoyo. Atawezaje basi kumwendea mkubwa wake na kusema ameishiwa?

Kwa hiyo namwomba mzazi yule, na wengine wenye watoto kule, wajue utaratibu. Mgonjwa akizidiwa au mtu akifariki, usimpigie mtoto peke yake. Ipigieni pia simu Msalaba Mwekundu wa Marekani, wapo usiku na mchana, na hawatozi chochote. Wao huthibitisha habari hospitalini, kisha huifikisha kwa kamanda. Likizo anatoa kamanda, si wao, lakini neno lao lina uzito, na kule kwenye mfuko pia ndilo linaloharakisha mambo. Watakuuliza jina kamili la askari, cheo, kikosi, tarehe ya kuzaliwa, na jina la hospitali.

Hapa pana jambo moja ambalo lugha yetu inatuponza. Kwetu mama mkubwa ni mama, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Kwa likizo ya dharura jeshi linahesabu wazazi, mume au mke, watoto, na ndugu wa kuzaliwa. Mama mkubwa akiitwa mama, halafu ikagundulika siye aliyemzaa, kijana ataonekana mwongo. Semeni ukweli ulivyo. Aliyekulea badala ya mzazi anahesabiwa kama mzazi, lakini lazima isemwe hivyo na kuandikwa. Bibi yangu alikuwa anastahili. Hakuna aliyejua, kwa sababu sikusema.

Mwaka 2008 mama naye aliugua. Safari hii nilikuwa nimeshamtumia karatasi yenye habari zangu zote, kwa herufi kubwa, naye akaitia ndani ya jalada la msahafu wake. Kaka aliitoa humo, akawasomea Msalaba Mwekundu kwa simu, herufi moja moja. Asubuhi ile ile kamanda akaniita. Alasiri nikawa na hundi ya dola 1,800, niliyoilipa 150 kwa mwezi, miezi 12, bila nyongeza. Nilimkuta mama amekaa barazani, anapepewa na majirani. Aliponiona aliuliza kama nimekula.

Sajini mstaafu, mzaliwa wa Muheza
Killeen, Texas