Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filta Kwanza, Umeme Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaahidi kwamba leo mngeiona PDP-11, kompyuta yetu ya zamani, ikisoma diski mbele ya macho yenu. Haitasoma, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu.

Draivu yake, yaani kifaa kinachosoma diski, ni RK05, iliyotengenezwa na kampuni ya Digital ya Maynard, Massachusetts, miaka ya 1970. Katriji, yaani kasha la diski linaloingizwa na kutolewa, ina sahani moja ya inchi 14 inayobeba kama megabaiti 2.5, yaani picha moja ya simu yako huenda isitoshe humo. Sahani huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na vichwa vinavyoisoma huelea juu yake kwa mwanya wa mikromita chache. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita kama 70. Ndiyo maana feni huipitisha hewa kwenye filta kabla haijafika kwenye katriji.

Februari niliimulika filta hiyo kwa tochi. Karatasi nyeupe, haina hata tundu. Nikaridhika, nikawasha. Vichwa vilipofika juu ya sahani tukasikia mlio mwembamba, kama msumari unaokwaruza bati. Fundi wetu alizima kabla sijafungua kinywa. Tulipoitoa katriji, rangi ya kahawia ya sahani ilikuwa na duara lililochimbika hadi alumini ikaonekana.

Karatasi haikuwa na kosa. Kilichotuponza ni sponji inayoziba kingo za filta, tena upande ule hewa inakotokea ikiwa imeshachujwa. Sponji za poliyurethani za enzi zile huliwa na unyevu (na hapa Uingereza unyevu haukosekani): kwanza hunata kama ulimbo, kisha hugeuka unga. Tulilichuja vumbi la chumba, tukaipulizia sahani vumbi la filta yenyewe.

Tangu siku hiyo karakana haina kazi nyingine. Tumeifumua fremu ya zamani, tukakwangua gundi na kupachika karatasi mpya ya HEPA, daraja linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Ya kwanza tuliikata kutoka kwenye filta ya mashine ya kufyonzea vumbi. Tusirudie mchezo huo: kila penye kisu, nyuzi zilichomoza. Ya pili tumeiagiza kwa kipimo. Gasketi ya kuziba kingo sasa ni neoprini, mpira usiopitisha hewa, na silikoni ile yenye harufu ya siki nimeipiga marufuku kwa sababu mvuke wake ni asidi.

Karatasi nzito kupita kiasi nayo hukaba hewa, kwa hiyo tunapima mambo mawili, chembe na mkondo. Chembe zimeshuka vizuri. Mkondo bado haujaniridhisha, na sitawasha kwa kuoneana haya.

Mweka hazina atasoma hesabu. Mimi naongeza tu kwamba filta mpya ina bei nafuu kuliko katriji niliyoiua. Kichwa cha chini kimesafishika kwa spiriti. Cha juu kimekwisha, tunatafuta kingine.

Mwenye draivu ya namna hii nyumbani asiiwashe, hata kama filta inang'aa. Aikague sponji kwanza. Yetu nimeileta, imo kwenye chupa ya jamu pale mezani. Tafadhali msifungue kifuniko.