Barua kwa mwanangu: kabla hujawaleta wenzako Frere Town

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Nimefurahi kwamba wenzako wa chuo wanataka kuizunguka kwa miguu Frere Town, makazi ya zamani ya waliokombolewa utumwani hapa Mombasa, maana wageni wengi huishia Fort Jesus wakapiga picha, kisha hao, ufuoni. Mtu wa kuwatembeza nimeshampata. Ni mzaliwa wa Kisauni, ana sauti nzuri na vichochoro vyote anavijua. Nilifuatana naye juzi nimsikie anavyosimulia, na kuna mambo ayapitayo mbio ambayo nataka uje ukiwa nayo kichwani.

Mtaanzia Kengeleni, kwenye mnara wa kengele. Simameni upande wenye kivuli na mjisogeze karibu naye, kwa sababu matatu na bodaboda za pale hazina huruma, hamtasikia neno. Atawaeleza kuwa kengele ilipigwa kuwaita watu, na kuwatahadharisha pale wavamizi walipokaribia. Kisha ataingia kwa Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kwa Sultani Barghash. Mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Manowari zilizokamata majahazi. Na wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, walionunua ardhi hii, mateka waliokombolewa wakaanza kuletwa mwaka 1875, Wayao, Wamakua, Wanyasa, kila mmoja na lugha yake. Hayo ni kweli tupu. Lakini ukiyasikia peke yake utadhani waliokombolewa walikaa wakingoja tu kukombolewa.

Basi muulize habari za Waafrika wa Bombay. Hao walitekwa wakiwa watoto, jahazi likakamatwa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa Nasik, kwenye kituo cha Mchungaji William Salter Price, yule yule aliyekuja kuianzisha Frere Town. Ishmael Semler na William Jones walikuwa wamerudi pwani hii tangu 1864, miaka kumi kabla ya Price kutia mguu, wakafanya kazi Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa wote wawili daraja la ushemasi. Mwaka huo huo Jones aliandamana naye safari ya Uganda. Askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Kiongozi wetu alimtaja Hannington mara kadha wa kadha. Jones hakumtaja kabisa!

Muulize pia habari za Matthew Wellington. Kwao Uyaoni aliitwa Chengwimbe. Alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, kutoka bara hadi pwani, kisha akaishi hapa hapa, akafariki 1935. Kuna wazee waliopata kusimuliwa na watu waliomwona kwa macho.

Jambo la pili ni la watoro. Si wote waliokuja kwa manowari. Wengi walikuwa watumwa wa mashamba ya huku huku pwani, wakatoroka usiku kwa miguu yao wakakimbilia misheni, hasa Rabai. Wenye mashamba walikasirika mno, na wamisionari wenyewe walibabaika, maana sheria ya Sultani ilikuwa bado inawatambua wale kuwa mali ya mtu. Mwishowe kampuni ya Waingereza ya IBEA ikawalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mimi naona fidia ile ilipelekwa kwa asiyestahili, lakini wenzako na wajadili wenyewe.

Na usione haya kuuliza kuhusu viboko. Ndani ya misheni kulikuwa na kazi za lazima, majina mapya na adhabu. Mwaka 1881 ukatili wa msimamizi mmoja ulifika hadi London, uchunguzi ukafanywa, akaondoka. Kiongozi wetu anaogopa kuwaudhi watu wa kanisa, kwa hiyo muulize kwa upole, na msiwe mbele ya umati.

Kanisa la Emmanuel mtaliingia, lakini kama ni Jumapili ngojeni ibada iishe. Mkibakiwa na nguvu, kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Krapf, na bintiye mchanga, la mwaka 1844, liko upande wa Nyali. Rabai msiibane siku hiyo hiyo. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho, nalo lataka asubuhi nzima.

Waambie wavae viatu vya kufunika na wabebe maji. Picha za majengo sawa, za watu mpaka mwenyewe akubali. Zile ni nyumba za watu na nguo zao ziko kambani. Niandikie mko wangapi kabla ya Ijumaa, huyo bwana anataka kujua mapema.

Mamako