Majirani wa viwanja vya gofu wapewe saa zao, si mwaliko wa siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu mchezo wa gofu na namna ya kuufikisha kwa watu wanaoishi kando ya viwanja vyake. Kila viongozi wa mchezo huu wanapozungumzia kuupanua, tunasikia habari za siku maalumu ambapo watoto wa shule hualikwa, huvalishwa fulana, huonyeshwa namna ya kushika fimbo, hupigwa picha, kisha lango hufungwa hadi mwaka unaofuata. Sipingi siku hizo. Hata hivyo, mwaliko ni hisani ya mwenye nyumba, na hakuna anayepata ustadi wa mchezo mgumu kama huu kwa kusubiri hisani. Jirani anahitaji saa zinazojulikana, kila wiki, ambazo ataingia na kucheza bila kumbembeleza mtu.

Wanaodhani kwamba majirani hawana cha kuuongezea mchezo huu wangetazama historia yake. Francis Ouimet alikulia katika nyumba iliyotazamana na uwanja wa Brookline, Massachusetts, akabeba mifuko ya wachezaji humo utotoni, na mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20 na bado mchezaji wa ridhaa, alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani katika uwanja huohuo mbele ya magwiji Harry Vardon na Ted Ray. Seve Ballesteros wa Hispania alijifunza kwa fimbo moja ya chuma kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, karibu na klabu alikokuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, kabla ya kushinda mataji makuu matano. Papwa Sewgolum wa Afrika Kusini, naye kedi, alishinda mashindano ya wazi ya Natal mwaka 1963 na kukabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa sababu sheria za ubaguzi zilimzuia kuingia katika jengo la klabu. Tumezoea kuwasimulia watu hawa kama miujiza, ilhali swali linalonisumbua ni wangapi wenye mikono kama yao walizeeka wakibeba mifuko ya wengine.

Ni kweli kwamba vizuizi vya wazi vimeondolewa, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilifuta kifungu cha kuruhusu weupe peke yao mwaka 1961. Klabu ya Augusta National ya Marekani ilipokea wanachama wanawake wa kwanza mwaka 2012, na klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, ikapiga kura ya kuwapokea mwaka 2014. Vilivyobaki havijaandikwa popote, navyo ni ada ya kujiunga, sharti la kupendekezwa na mwanachama, kola ya shati, na jicho la mlinzi wa getini.

Najua jibu litakalotolewa: uwanja ni mali ya wanachama, na wao ndio wanaolipia majani kukatwa na kumwagiliwa. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki mtu anyang'anywe alicholipia. Lakini uwanja kamili humeza hekta arobaini na zaidi, mara nyingi katikati ya makazi ya watu, na asubuhi nyingi za siku za kazi huwa hauna mchezaji. Uwanja mkongwe wa St Andrews, ambao wapenzi wote wa gofu huutaja kwa heshima, uko kwenye ardhi ya umma. Barabara ya watu wote inakatiza njia za kuchezea za shimo la kwanza na la mwisho, na Jumapili kwa kawaida haipigwi gofu, ili watu watembee humo na watoto wao. Sijasikia mtu akidai kwamba miguu ya wapita njia imeushushia hadhi uwanja ule.

Kuna pia suala la muda, ambalo nadhani linawafukuza watu wengi kuliko bei ya fimbo. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa hana saa nne. Hiyo 18 yenyewe si amri ya mbinguni: St Andrews ilikuwa na mizunguko ya mashimo 22 hadi mwaka 1764, na mashindano ya kwanza ya wazi ya Uingereza, mwaka 1860, yalichezwa Prestwick katika uwanja wa mashimo 12. Leo mfumo wa kimataifa wa handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) unakubali matokeo ya mashimo tisa. Kwa hiyo klabu inaweza kutenga mashimo sita au tisa jioni, ikaweka kabatini fimbo za kuazima (anayeanza hahitaji 14 zinazoruhusiwa, nne au tano zinamtosha), na ikatoza kiingilio kidogo kwa kila mzunguko badala ya ada ya mwaka.

Wa kwanza kupewa saa hizo wawe makedi. Wanaujua mteremko wa kila grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kuliko wanachama wengi, na zipo klabu duniani zenye desturi ya kuwaachia uwanja siku ya Jumatatu. Klabu isiyo na desturi hiyo ianze nayo, kisha impe kedi mmoja kiti chenye kura katika kamati inayopanga ratiba ya uwanja, ili zamu ya majirani isiwe ya kwanza kufutwa kila yanapotokea mashindano ya wadhamini.

Msomaji wako na mpenzi wa gofu