Kagueni soli za ndani za viatu vyenu

Habari za jioni wanakikundi wa baiskeli. Jumapili tulipopumzika pale Karura, watatu wetu walilalamika nyayo zinawaka moto na vidole vinakufa ganzi. Kabla hujalaumu kiatu au pedali, toa soli ya ndani uiangalie.

Kwa anayeendesha kila wiki, ile soli iliyokuja na kiatu huchoka baada ya mwaka mmoja hivi. Anayeenda kazini na baiskeli kila siku, mapema zaidi. Msihesabu kilomita pekee, kwa sababu jasho na mvua huiharibu pia. Ibonyeze kwa kidole gumba pale nyuma tu ya vidole, mahali mguu unaposukuma pedali. Ikibaki imebonyea, sponji yake imekwisha. Ikipasuka, au ikinuka hata baada ya kufuliwa, itupe.

Mnaonunua viatu vya mitumba Gikomba, nawasihi sana: hata kiatu kikiwa safi, soli yake imeshashika umbo la mguu wa mtu mwingine. Badilisha kabla ya safari ya kwanza. Weka ile ya zamani juu ya mpya, chora, kisha kata kidogo kidogo upande wa vidole. Usichukue nene kupita kiasi. Itabana mguu kwa juu na ganzi itarudi.

Tukinyeshewa Ngong, zitoeni mkifika nyumbani mzianike kivulini, si kando ya jiko.

Ganzi ikiendelea hata na soli mpya, njoo mapema Jumapili tuangalie kliti zako pamoja, yaani vile vipande vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedali.