Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe: mmesusa korosho, mkabaki na soda

Wanangu wa kijiwe cha bodaboda, hapa Mtwara mjini,

Salamu ziwafikie. Ninawaandikia kwa sababu Jumanne iliyopita niliondoka kijiweni kwenu nikiwa nimekasirika, na maneno ya mzee aliyekasirika hayasikilizwi, huchekwa tu. Mwenzenu alikuwa ametoka hospitali na karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwamba trigliseraidi zake, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu, ni miligramu 410 kwa desilita moja ya damu. Mkaipokezana karatasi ile kama jaji na wazee wa baraza, mkatoa hukumu kwamba ana mafuta mengi, kwa hiyo aache korosho, aache samaki na aache mayai. Aliyesoma hukumu alikuwa na andazi mkononi, na mgonjwa mwenyewe aliitikia kwa kichwa huku akifungua soda yake ya tatu tangu asubuhi.

Nilitumikia zahanati za mkoa huu kwa miaka 31, nami sijawahi kuona kosa linalorudiwa kwa uaminifu kama hili. Trigliseraidi ni mafuta kweli, lakini hayaingii mwilini kwa mlango wa kitoweo peke yake. Mtu anapokula wanga na sukari kuliko mwili unavyohitaji, ini huibadili ziada hiyo kuwa mafuta na kuyasafirisha ndani ya damu ili yakahifadhiwe, na kwa dereva anayeshinda juu ya pikipiki kutoka alfajiri hadi usiku, ghala hilo hujazwa kila siku na halifunguliwi. Chupa ndogo ya soda ina sukari ya gramu 30 na zaidi, yaani vijiko vinane au tisa vya chai. Hebu mchukue bakuli, mhesabu vijiko vya chupa tatu humo, kisha mniambie kama kuna mama aliyewahi kumtilia mwanawe sukari kiasi hicho kwenye uji.

Siwacheki, kwa maana nami nilipita njia hiyo hiyo. Mwaka niliostaafu nilipimwa nikakutwa na 290, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumlaumu mke wangu kwa tui la nazi, akawa ananipikia kisamvu cha chukuchuku kwa miezi miwili mizima bila kunijibu neno. Kipimo hakikushuka. Ndipo aliponiuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, ni nani anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku vyenye vijiko vitatu vitatu. Niliacha sukari, nikapunguza tonge la ugali wa sembe, nikaanza kutembea kila alfajiri kutoka Ligula hadi ufukweni Shangani, na baada ya miezi mitatu nilisoma 160. Mtu mzima aliyeshinda na njaa ya usiku kucha anatakiwa awe chini ya 150. Kuanzia 200 tunasema zimepanda, na zikifika 500 tunaanza kuhofia kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, ambalo likivimba huleta maumivu makali juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Hayo si ya kusubiri asubuhi nyumbani. Aliyefika huko hupangiwa na daktari kiasi cha mafuta ya kila aina, na barua yangu haitoshi kwake.

Pombe nayo nitaisema kwa kifupi kwa sababu mnaijua. Uraka wa mabibo, bia na gongo vyote hulifanya ini litengeneze mafuta zaidi, na mwenye 410 anapaswa kuviacha, si kuvipunguza.

Kuhusu samaki mmekosea kinyume kabisa. Vibua na dagaa wana mafuta ya omega-3, ambayo husaidia kuzishusha trigliseraidi, mradi wachemshwe au wachomwe badala ya kuogeleshwa kwenye mafuta ya kukaangia. Mbaazi, kunde na choroko zina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Korosho nazo, kiganja kimoja na si kilo nzima, sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyodhuru moyo. Inanisikitisha kwamba mkoa unaolima korosho unaziuza nyingi mnadani zikiwa ghafi, kisha fedha za malipo zikiingia tunazigeuza kuwa kreti za soda.

Hapo lawama si yenu peke yenu, bali ni yetu wazee. Ni sisi tuliofundisha kwamba mgeni akikaribishwa kwa maji matupu amedharauliwa, na kwamba harusi au sherehe ya kumtoa mwali isiyo na soda ni ya mafukara. Tumewazoesha watoto kuupima upendo kwa utamu, kisha wakifika miaka 30 tunashangaa karatasi zao za hospitali.

Pikipiki inatembea, ninyi mmekaa. Msuli unaofanya kazi huyavuta mafuta kutoka kwenye damu na kuyachoma, na faida hiyo hudumu siku moja au mbili tu baada ya mazoezi, ndiyo maana mpira wa Jumapili hautoshi. Tembeeni kwa mwendo wa kuwatoa jasho nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwenye kitambi akipunguza hata kilo 5 kati ya 90, kipimo chake kitaonyesha.

Mwenzenu pia apimwe sukari ya damu, kwa kuwa kisukari kisichodhibitiwa hupandisha trigliseraidi. Asinunue unga wa kusafisha damu unaouzwa stendi, na kama amepewa vidonge asiviache kwa ushauri wa kijiwe. Atarudi kupima baada ya miezi mitatu, akiwa hajala chochote kwa saa 8 hadi 12 isipokuwa maji. Nimemwambia nitamsindikiza siku hiyo, na kwamba tutakwenda kwa miguu, hivyo mmoja wenu amtunzie pikipiki.

Mzee wenu, Ligula